Leo Jioni Mtakula Nini?

Kila siku jua linapoanza kushuka, swali hili huulizwa katika nyumba nyingi vijijini. Leo jioni tutakula nini? Mara nyingi jibu ni lile lile la jana. Ugali na majani ya kuchemsha. Kesho ni hivyo hivyo. Keshokutwa ni hivyo hivyo.

Tumbo linashiba. Lakini shibe peke yake haijengi mwili. Mtoto anayekula ugali na mchuzi mwepesi kila jioni hushiba, lakini hakui vizuri. Huugua mara kwa mara. Akiugua huchelewa kupona.

Ndugu msomaji, chakula bora si lazima kiwe chakula cha gharama. Kinataka mpango. Katika makala hii tutapanga chakula cha jioni cha juma zima. Tutapanga kwa ajili ya kaya ndogo ya watu wanne: baba, mama na watoto wawili. Nyama tutapika siku moja tu. Vitu vingi vinatoka shambani, bustanini au kwenye gulio.

VYAKULA VYA AINA TATU

Wazee wengi wa Tanzania wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walifundishwa kwamba mwili unahitaji vyakula vya aina tatu. Somo hilo bado linatufaa.

Kwanza, vyakula vya kutia nguvu. Hivi ni ugali, wali, viazi, muhogo, ndizi na mafuta.

Pili, vyakula vya kujenga mwili. Hivi ni maharagwe, kunde, choroko, karanga, dagaa, samaki, mayai, maziwa na nyama.

Tatu, vyakula vya kulinda mwili. Hivi ni mboga za majani na matunda.

Mpango wetu una kanuni moja tu. Kila jioni, aina zote tatu ziwepo. Ukikosa moja, chakula hakijatimia.

JUMATATU: UGALI, MAHARAGWE NA MCHICHA

Jumapili usiku chagua maharagwe nusu kilo. Ondoa mawe na punje mbovu. Loweka katika maji mengi mpaka asubuhi. Maharagwe yaliyolowekwa huiva upesi, na kuni hupungua.

Mwaga maji ya kulowekea. Weka maji mapya, chemsha mpaka yatokote kwa nguvu, kisha endelea mpaka yalainike kabisa. Maharagwe yasiyoiva yana sumu inayoumiza tumbo.

Yakiiva, gawa mafungu mawili. Fungu la kwanza liunge leo kwa kitunguu, nyanya na mafuta kidogo. Fungu la pili usilitie kitu. Ni la kesho.

Mchicha uoshe kabla ya kuukata. Ukiukata kwanza, nguvu ya mboga inakwenda na maji. Upike kwa dakika chache tu, kwa mafuta kijiko kimoja. Mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A, ambayo hulinda macho.

Kwa ugali wa watu hawa wanne, unga wa robo tatu kilo unatosha. Ukiweza, tumia dona. Dona lina faida nyingi kuliko sembe, kwa sababu ganda na kiini cha mahindi havikutupwa.

JUMANNE: VIAZI VITAMU, MAHARAGWE NA MATEMBELE

Yale maharagwe ya jana yachemshe tena kabla ya kulala. Yafunike vizuri na uyaweke mahali penye baridi. Asubuhi yachemshe tena. Jioni yachemshe mpaka yatokote, kisha yaunge. Kama yametoa povu au harufu mbaya, yatupe. Tumbo la kuhara lina hasara kubwa kuliko bakuli la maharagwe.

Viazi vitamu vichemshe na maganda yake, kisha menya. Kama katika kijiji chenu vipo viazi lishe, yaani vile vya rangi ya chungwa ndani, chagua hivyo. Vina vitamini A nyingi kuliko viazi vyeupe.

Majani ya viazi hivyo hivyo ndiyo matembele. Mmea mmoja unakupa chakula chini na mboga juu.

JUMATANO: UGALI, DAGAA NA MBOGA YA KUNDE

Watu wengine hudharau dagaa. Husema ni chakula cha maskini. Wamekosea. Dagaa huliwa mzima, na kichwa chake na mifupa yake. Mifupa hiyo inaupa mwili madini ya kujenga mifupa na meno.

Chukua dagaa wakavu vikombe viwili. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe. Wakaange kwa mafuta kidogo. Tia kitunguu na nyanya, kisha maji kidogo. Acha vichemke mpaka mchuzi uwe mzito. Kabla ya kula, kamulia ndimu au limau.

Ndimu hiyo si ya ladha tu. Inasaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika mboga za majani. Madini ya chuma huongeza damu. Lakini chai ya majani huyazuia. Kwa hiyo usinywe chai pamoja na chakula. Ngoja saa moja au mbili.

Kwa mtoto mdogo ambaye hajaota meno vizuri, twanga dagaa wakavu walio safi mpaka wawe unga. Tia kijiko cha unga huo katika uji au mchuzi wake, kisha uchemshe.

Kabla ya kulala, loweka mahindi na maharagwe ya kesho.

ALHAMISI: MAKANDE

Makande ni chakula kinachojitosheleza. Mahindi yanatia nguvu, maharagwe yanajenga mwili. Chukua mahindi yaliyokobolewa vikombe viwili na maharagwe kikombe kimoja. Yawe yamelowekwa tangu jana usiku. Chemsha pamoja mpaka yalainike. Funika chungu ili moto usipotee bure.

Yakikaribia kuiva, tia kitunguu, nyanya na karoti. Mwisho tia majani ya kunde au ya maboga yaliyokatwa, na karanga zilizotwangwa kama zipo. Leo huhitaji chungu cha pili. Hii ni siku nzuri kwa mama aliyechelewa shambani, kwa sababu makande yanaweza kuanza kuchemka mapema na mtu mwingine akaangalia moto.

IJUMAA: WALI NA CHOROKO

Choroko huiva haraka kuliko maharagwe. Kikombe kimoja na nusu kinatosha. Chemsha mpaka zipasuke. Unga kwa kitunguu na nyanya. Penye nazi, tia tui. Pasipo nazi, tia karanga zilizotwangwa.

Mchele nusu kilo unatosha wanne hawa. Kama mchele ni ghali, pika ugali. Choroko hazichagui. Pembeni weka mboga ya majani yoyote iliyopo. Baada ya kula, kila mtu apate tunda: papai, embe, pera au chungwa, kufuatana na msimu.

Wali usibakishwe mpaka kesho. Wali uliolala nje ya jokofu unaweza kuumiza tumbo hata ukipashwa moto. Pikeni wa kutosha, mwumalize.

JUMAMOSI: NDIZI NA NYAMA

Leo ni siku ya nyama. Nunua robo kilo tu. Ikate vipande vidogo vidogo. Ichemshe mpaka iwe laini. Kisha tia ndizi mbichi zilizomenywa, kama kumi na mbili hivi, pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi. Ndizi zikiiva, supu yake huwa nzito. Pika mchicha kidogo pembeni. Mahali pasipo na ndizi, tumia viazi au magimbi.

Nyama ni kidogo. Kwa hiyo angalia inavyogawanywa. Katika nyumba nyingi nyama humwendea baba, na mtoto hupewa mchuzi. Lakini mchuzi ni maji yenye harufu ya nyama. Nyama yenyewe imebaki sahanini kwa mkubwa. Mtoto ndiye anayekua. Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wanalisha watu wawili. Hao wapate vipande vyao kwanza. Baba mwenye akili hataona kwamba ameshushwa heshima. Anajenga nyumba yake.

JUMAPILI: UGALI WA MTAMA NA KISAMVU CHA KARANGA

Kisamvu kibichi kina sumu. Kwa hiyo kitwange vizuri, kisha kichemshe kwa muda mrefu mpaka kilainike kabisa. Usikipike haraka kama mchicha. Twanga karanga kikombe kimoja, changanya na maji, mimina juu ya kisamvu. Koroga polepole mpaka mchuzi uwe mzito.

Kama kuku wametaga, wachemshie watoto mayai leo. Wapo watu wanaouza mayai yote ili wanunue soda. Yai linajenga mwili. Soda ni maji na sukari. Yapo pia maeneo ambako mama mjamzito hukatazwa kula mayai. Katazo hilo halina msingi. Yai lililoiva vizuri ni chakula bora kwake na kwa mtoto aliye tumboni.

MTOTO ASILALE KABLA YA KULA

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Mnaweza kupika vizuri siku zote saba, na bado mtoto asifaidi. Kwa nini? Kwa sababu chakula kimeiva usiku, naye ameshalala. Akiamshwa, anakula matonge mawili huku anasinzia. Kesho ni hivyo tena. Wazazi wanasema mtoto huyu hapendi kula. Kumbe ana usingizi.

Jaribuni kupika kabla jua halijazama. Baba na watoto wakubwa wasaidie kuteka maji, kupasua kuni na kuchambua mboga. Kazi ya jikoni si ya mama peke yake.

Jambo la pili, mtoto mdogo awe na bakuli lake. Akila sinia moja na wakubwa, wakubwa wana mikono mikubwa, tena wanakula haraka. Mtoto hujitahidi, lakini chakula huisha. Akiwa na bakuli lake, mama anaona ni kiasi gani amekula.

Jambo la tatu, wote wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Mtoto aliyekosa chakula bora anaweza kupata unyafuzi. Miguu na uso huvimba. Nywele hubadilika rangi na kunyonyoka. Mtoto hachezi, hana furaha. Daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa huu mwaka 1933, alipokuwa akifanya kazi katika nchi ambayo sasa inaitwa Ghana. Akina mama wa huko walikuwa na jina lao: ugonjwa anaoupata mtoto mdogo wake anapozaliwa, naye akaachishwa ziwa. Walikuwa wameona kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa akabaki na uji mtupu yuko hatarini. Ukiona dalili hizo, usisubiri dawa ya jirani. Mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo.

ANGALIA GHALA NA CHUMVI

Mahindi na karanga zenye ukungu zina sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu. Anika mazao juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo. Hifadhi yakiwa makavu kabisa. Punje zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe. Usimpe hata kuku.

Chumvi nunua yenye madini joto. Huzuia uvimbe wa tezi shingoni, na husaidia akili ya mtoto kukua. Ifunike, na uitie chakula kinapokaribia kuiva.

Mboga usingoje gulio. Tuta moja la mchicha karibu na nyumba huanza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne. Maji ya kuoshea mboga yanasaidia kulimwagilia.

SASA ANDIKA

Ndugu msomaji, wewe unajua kusoma na kuandika. Elimu hiyo itumie nyumbani. Leo chukua karatasi na kalamu. Keti pamoja na mwenzako na watoto. Andika siku saba, kuanzia Jumatatu. Mbele ya kila siku andika chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili. Usinakili kila kitu kutoka hapa. Andika vile vilivyoko kwenu. Wa ziwani ataandika samaki. Mfugaji ataandika maziwa. Wa pwani ataandika nazi.

Kisha andika vitu vya kununua gulioni, na vitu vya kulowekwa usiku. Bandika karatasi hiyo ukutani karibu na jiko. Ukifika mwisho wa juma, soma tena. Siku ambayo aina moja ilikosekana, tia alama. Juma lijalo anza kurekebisha hapo.