Mtoto Anaposema "Sitaki Kwenda Kule"



Wanafunzi wa uuguzi wanaojifunza katika hospitali yetu hutoka wodini kwa majuma machache kwenda vijijini kujifunza afya ya jamii. Hupima watoto uzito, hukagua vyoo na visima, huelekeza akina mama namna ya kupika uji wa lishe. Safari iliyopita tuliwaongezea kazi moja: kujifunza jinsi ya kuwakinga watoto na ukatili.

Walikwenda wakidhani wanakwenda kufundisha. Siku ya kwanza walisimama mbele ya jumuiya ndogo ndogo wakiwa na mabango yao, wakauliza: "Je, hapa kuna watoto wanaofanyiwa ukatili?" Watu walinyamaza. Mzee mmoja akajibu, "Kwetu hakuna." Mkutano ukaisha.

Jioni tuliwauliza: nani angejibu swali lile mbele ya jirani yake? Kesho yake waliacha mabango. Walichambua mboga pamoja na akina mama. Waliwaomba watoto wachore kijiji chao mchangani, kisha waweke jiwe mahali wanapoogopa kupita. Wengi waliweka penye mbwa wakali au mtoni. Lakini mawe matatu yaliwekwa kwenye nyumba moja.

Baadaye bibi mmoja akalalamika kwamba mjukuu wake amekuwa mkaidi: akitumwa nyumba ile hataki, na usiku siku hizi anakojoa kitandani. Alikwisha kumchapa mara mbili. Tulipomsikiliza mtoto kwa upole, bila kumhoji kama hakimu, maneno yake yalikuwa machache, lakini yalitosha. Bibi alilia: "Kumbe nilikuwa namchapa kwa kuwa alikuwa ananiambia."

Wapo jamaa waliotaka mambo yamalizwe nyumbani kwa mbuzi mmoja. Bibi alikataa. Alifuatana nasi hadi kwa afisa ustawi wa jamii, kisha polisi na hospitali. Hatutasimulia zaidi, kwani siri ya mtoto ni mali yake.

Utafiti uliofanyika Tanzania mwaka 2009, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mara nyingi mkosaji ni mtu anayejulikana: jirani, ndugu, hata mtu anayeheshimiwa. Kwa hiyo kumwonya mtoto juu ya wageni tu hakutoshi.

Wazazi, tuangalie haya:

1. Mtoto aliyebadilika ghafla: anamwogopa mtu fulani, anajitenga, anashtuka usingizini, ana maumivu sehemu za siri au anatembea kwa shida. Dalili moja si ushahidi, lakini ni sababu ya kumsikiliza.

2. Akisema, tusimkaripie wala kumwuliza maswali mengi. Tumwambie, "Umefanya vema kuniambia. Kosa si lako." Tusimwahidi kuficha siri, bali tumwahidi kumsaidia.

3. Kama ametendewa karibuni, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Kikao cha ukoo kisimcheleweshe.

4. Tutoe taarifa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayevunjiwa haki zake azipeleke serikali ya mtaa au kijiji. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na simu namba 116 hupigwa bila malipo.

5. Tuwafundishe watoto tangu wadogo kwamba mwili wao ni wao, na kwamba wanaweza kumkatalia hata mtu mzima anayetaka kuwagusa vibaya.

Wanafunzi wetu walirudi na mabango yao yakiwa bado mapya. Mmoja alituambia kuwa siku zote alijua kupima joto la mtoto, lakini sasa amejifunza kumngoja mtoto aseme.

Bwana wetu aliwakemea wanafunzi wake walipowazuia watoto wasimkaribie. Nasi tusiwazuie kwa fimbo wala kwa aibu. Usiku wa leo, kabla ya sala ya familia, tuwaulize watoto wetu siku yao ilikuwaje, kisha tunyamaze tuwasikilize.