Trekta kuukuu (2): Uliza spea kabla ya kuuliza bei

Wiki iliyopita tuliishia kwenye pawatila. Tuliona kwa nini mashine ile ya nguvu za farasi 12 hadi 16 inafanya kazi safi ndani ya jaruba lililoloa, lakini ukiipeleka juu ya itogolo kavu, ule udongo mgumu, mwezi wa Oktoba inarukaruka tu na kumchosha anayeishika. Leo tunapanda ngazi moja, twende kwa trekta dogo la magurudumu manne. Hili ndilo trekta ambalo mkulima wa pamba wa Kishapu, au mchimbaji mdogo wa Geita aliyepata chochote duarani, yaani shimoni kwake, analinunua mkononi mwa mtu likiwa limeshalima misimu mingi, akalikokota kwa fundi akitumaini lilime mwaka huuhuu.

Ninaposema trekta dogo la zamani nina maana hasa ya Massey Ferguson 135 na mdogo wake 240. Yapo mengine, ila haya mawili ndiyo yanayostahili ushauri. 135 lilianza kutoka mwishoni mwa mwaka 1964 katika kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza. Injini yake ni Perkins AD3.152: silinda tatu, dizeli, lita 2.5, nguvu za farasi 45 hivi. 240 lilikuja baadaye likiwa na injini ileile. Nyuma yana mikono na viungio vitatu vya kubebea plau, mfumo ambao Harry Ferguson aliueneza duniani kupitia lile trekta dogo la kijivu, TE20, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1946 hadi 1956. Plau halikokotwi kama linavyokokotwa na ng'ombe. Linabebwa, na uzito wake pamoja na ukinzani wa udongo hukandamiza magurudumu ya nyuma yaume ardhi. Kwa hiyo chombo chepesi kinalima kuliko unavyokidhania.

Banner Lane ilitoa trekta lake la mwisho Desemba 2002. Mtu angedhani spea nazo zilikoma hapo. Hazikukoma, kwa sababu injini ile na jamii yake ziliendelea kutengenezwa kwingine: Millat wa Lahore, Pakistan, wakashikilia 240, na TAFE wa Chennai, India, wakaendelea na matrekta ya ukoo huohuo. Ndiyo maana leo ukiingia duka la spea Mwanza au Kahama unauziwa pistoni, ringi, slivu na gasketi mpya za injini ambayo ukoo wake ulibuniwa kabla Tanganyika haijapata uhuru. Kwangu mimi hoja nzima ya makala haya iko hapo. Umri wa trekta haunitishi. Linalonitisha ni trekta lisilo na ndugu.

Na nchi hii imewahi kuyaona ya aina hiyo. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza Kongwa mwaka 1947 uliletewa mitambo chakavu iliyobaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, pamoja na vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Mengi yalilala ndani ya mwaka wa kwanza kwa kukosa spea na mafundi, na mradi ulipofungwa mwaka 1951 hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36. Miaka ya 1960, chama kikuu cha ushirika wa pamba cha Kanda ya Ziwa kiliingiza matrekta katika mashamba ya pamoja huku Usukumani, na mashamba hayo hayakudumu. Miaka ya 1980 tukaunganisha Valmet ya Wafini pale Kibaha. Lilikuwa trekta gumu, zuri hasa, lakini kiwanda kilipokoma, waliokuwa nalo wakabaki wakichinja moja ili kulisha jingine. Kisha ikaja kaulimbiu ya Kilimo Kwanza mwaka 2009 na shehena za Farmtrac na New Holland kutoka India, halafu Ursus ya Wapoli, pale pale Kibaha, mwaka 2017. Ursus yenyewe baadaye ikafilisika huko kwao. Sisemi matrekta hayo yalikuwa mabovu. Ninachosema ni kwamba ukitaka kununua mojawapo leo, kwanza nenda dukani ukaulize pampu ya maji na klachi pleti yake. Muuzaji akikujibu "tutaagiza", umeshapata jibu lako.

Jambo la pili ni fundi, na hapa ukanda wetu una bahati ambayo wakulima wa mikoa mingi hawana. Dhahabu imetuletea mafundi. Katoro, Nyarugusu, Kakola, kila penye mialo ya kuchenjulia dhahabu pana karasha zinazosaga mawe, pampu zinazonyonya maji mashimoni, jenereta na kompresa, na karibu zote zinaendeshwa kwa dizeli. Karasha likisimama siku moja, mawe ya watu yanalala na kelele zinaanza, kwa hiyo vijana wamejifunza kufungua injini na kuifunga usiku kucha. Ukiongeza wazee waliopitia karakana za mgodi wa almasi wa Mwadui, na karakana ya SIDO iliyopo Shinyanga kwa kazi za kukereza vyuma, utaona kwamba kufufua Perkins hapa si miujiza.

Bahati hiyo ina upande wake wa pili. Injini ya dizeli haina kabila: leo inalima, kesho inafungwa kwenye mashine ya kusaga mahindi, keshokutwa inazungusha karasha. Muulize muuzaji injini hii imeshinda wapi. Vumbi la mawe ya dhahabu lina kwatsi nyingi, na kwatsi ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Injini iliyovuta vumbi hilo kwa miezi michache, huku chombo cha oili cha kusafishia hewa kikiwa kikavu au kimejaa matope, imejisugua ndani kama iliyopigwa msasa. Kwa nje huioni. Fungua chombo hicho mbele ya mwenye mali, uchovye kidole chini kabisa. Ukitoa tope gumu lenye chembechembe, punguza bei kichwani mwako kwa thamani ya ovaholi nzima.

Nenda kutazama trekta asubuhi, bila kupiga simu mpaka umeshafika getini. Unataka kuikuta injini baridi. Ukigusa bloku ukakuta joto, kuna mtu ameshaihangaikia kabla yako, na ana sababu. Ikiwaka, tazama moshi. Mweupe wa dakika za mwanzo unasameheka. Mweusi unaotoka inapovuta mzigo ni habari ya nozeli, pampu au hewa kidogo. Wa bluu usiokoma ni oili inayoungua, yaani ringi na slivu zimekwisha. Kisha tazama bomba la pumzi la injini: likipuliza mfululizo kama chungu kinachochemka, mgandamizo unapita pembeni mwa pistoni. Habari njema ni kwamba Perkins hii ina slivu za kubadilishwa, hivyo bloku halitupwi. Krankishafti ndiyo ya kuulizia kwa makini. Huchongwa kwa hatua za sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi, na mafundi huziita teni, twenti na theti. Iliyofika theti imemaliza safari zake, ikifa tena utanunua nyingine.

Chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia mpira uliopasuka kwenye mkono wa gia wakati trekta likilala nje masika yote. Katika trekta hili oili ya giaboksi ndiyo hiyohiyo inayoendesha haidroliki, kwa hiyo maji hayo yanaila pampu pia. Funga plau, linyanyue, zima injini. Likishuka taratibu hilo ni la kawaida kwa mzee wa umri ule. Likianguka palepale, andika gharama. Tikisa magurudumu ya mbele upate kujua hali ya king pini. Kagua matairi ya nyuma kwa jicho kali kuliko yote, maana watu huhangaika na injini wakasahau kwamba matairi mawili mapya yanaweza kumeza bajeti yote ya fundi.

Rangi mpya isikubabaishe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na trekta lililopakwa nyekundu ya kung'aa hadi juu ya nati zenye uvujaji linajitembeza. Uingereza wako watu wanaofufua matrekta haya kwa ajili ya maonyesho, nao wana haki ya kuhangaikia rangi. Wewe unataka ekari za mbuga, ule udongo mzito, zilimwe kabla haujanata.

Karatasi nazo. Jina lililo kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awe na hati za mirathi ikiwa mwenyewe alifariki. Trekta la chama cha msingi haliuzwi na mwenyekiti peke yake, hata kama funguo ziko mfukoni mwake. Trekta lililokopwa huenda bado ni dhamana ya mkopeshaji. Hamisha umiliki TRA kabla ya kulipa shilingi ya mwisho. Na kama fedha ya matengenezo haitoshi, Mfuko wa Taifa wa Pembejeo ulioanzishwa mwaka 1994 hukopesha pia kwa ukarabati wa matrekta, jambo ambalo wakulima wengi hawalijui kwa kuwa wanausikia ukitajwa kwa matrekta mapya tu.

Ukishalifikisha nyumbani, jizuie kufungua kila kitu. Anza na mafuta. Osha tangi, badilisha filta zote, halafu ndipo uihukumu injini. Pampu ya CAV iliyomo haina oili yake, inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huikausha na kuila. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Hata hivyo, dizeli ya madumu inayouzwa kando ya machimbo sijui imepita wapi, nawe hujui. Baada ya mafuta, fuata upoozaji: rejeta, pampu ya maji, feni beliti. Halafu breki na usukani. Injini ifunguliwe ikiwa vipimo vimedai hivyo. Fundi anayesema "tushushe injini kwanza, tutajua mbele ya safari" ana njaa.

Hakikisha pia ana spana za inchi. Nati nyingi za trekta hili ni za kipimo hicho. Kijana aliyezoea pikipiki atakuja na seti ya milimita. Penye nati ya inchi 9/16, spana ya 14 haiingii na ya 15 inacheza, basi atazungusha mpaka pembe za nati ziishe, na hapo mnaitana na mtu wa kuchomelea.

Hatari moja siwezi kuiruka, maana inaua. Matrekta ya miaka ile mengi hayana fremu ya kumkinga dereva, na katika barabara za machimbo wakati wa mvua kila mwenye trekta huombwa kulivuta lori lililozama. Mnyororo ufungwe chini, kwenye baa ya kukokotea. Ukiufunga juu ya ekseli ya nyuma, lori likigoma trekta hunyanyua pua na kumgeukia dereva kabla hajakanyaga klachi.

Injini iliyofanyiwa ovaholi isipelekwe mbuga siku ya kwanza. Ipe kazi ya wastani: trela lenye nusu ya mzigo, au haro katika luseni, udongo mwepesi wa kichanga. Usiiache ikinguruma bila kazi kutwa, kwani ringi mpya zinahitaji mzigo kiasi ili zikae kwenye slivu. Baada ya saa 50 za kazi mwaga oili ya mwanzo, ambayo itatoka na ungaunga wa chuma, utie mpya na filta mpya, na umwite fundi akaze tena boliti za silinda hedi na kupima nafasi za valvu. Haya yote yanataka miezi miwili kwa fundi asiye na haraka, kwa hiyo anayetaka kulima pamba Novemba anunue Agosti. Wiki ijayo tutatazama plau lenyewe: diski ngapi, na kwa pembe gani, katika udongo upi.