Fahamu: Kiungulia cha baada ya mlo na dawa za kukizuia

Ukila sahani kubwa ya muthokoi (mahindi yaliyokobolewa na maharagwe) wa kukaanga usiku pale Migwani, Kitui, kisha ukalala papo hapo, usishangae kifua kikiwaka moto. Ni asidi ya tumbo inayopanda kwenye umio, kwa sababu msuli unaoufunga mlango wa tumbo umelegea au umeelemewa na shibe.

Duka la dawa lina aina tatu za dawa za kiungulia, na wengi huzimeza saa isiyofaa. Za kutafuna au kuyeyusha majini, kama Eno, hutuliza asidi iliyokwisha kutoka. Famotidine ndiyo ya kuzuia: imeze dakika 15 hadi 60 kabla ya mlo unaojua hukusumbua. Omeprazole si ya dharura. Huchukua siku 1 hadi 4 kufanya kazi kikamilifu, na bila daktari usipitishe siku 14. Ranitidine iache kabisa: Aprili 2020 Marekani ilitaka iondolewe sokoni kwa sababu ya kemikali inayohofiwa kuleta saratani.

Ukiona choo cheusi, chakula kikikwama kooni, au maumivu ya kifua yakielekea mkononi, tafadhali usiende kununua dawa. Nenda hospitali mara moja.