Jibu Lisilorudi Chumba cha Eksirei

Lori likipinduka usiku kwenye mteremko wa Senjele mkoani Songwe, wa kwanza kujua kwamba uti wa mgongo wa utingo umevunjika si daktari wa upasuaji. Ni yule aliyeamshwa kwa simu, akavaa aproni nzito, akamlaza majeruhi mezani, akamwambia abane pumzi, akabonyeza kitufe. Picha inatokea kwenye kioo. Anaiona, anaelewa, ila si kazi yake kumtangazia mgonjwa. Majeruhi anasukumwa nje, anaingia mwingine.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 1,344,687. Makao makuu yako Vwawa, lakini pilikapilika ziko Tunduma, ambako barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka kwenda Zambia na malori hupanga foleni ndefu. Mkoa wa namna hii una picha zake: mifupa ya ajali za bodaboda na malori, mapafu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa upande wa Mkwajuni na Saza wanaovuta vumbi la mawe na kuandamwa na kifua kikuu, kina mama wajawazito wanaosubiri utrasaundi.

Wananchi humwita kila anayeshughulika na picha hizo "daktari wa picha", kumbe ni watu wawili. Radiografa hupiga picha. Daktari bingwa wa radiolojia huisoma na kuandika ripoti. Huyu wa pili ni adimu. Hospitali nyingi za wilaya nchini hazina hata mmoja. Basi radiografa huvutwa pembeni na daktari wa zamu: "Mkuu, hapa unaona nini?" Anajibu, maana mgonjwa yuko mahututi. Jibu hilo halimo kwenye majukumu yake wala kwenye mshahara wake, lakini likiwa la makosa, litakumbukwa kuwa ni lake. Msongo wa kazi hii huanzia hapo, kabla hata ya kuhesabu idadi ya wagonjwa.

Vifaa navyo vina historia yake. Watafiti Ngoya, Muhogora na Pitcher walipochambua orodha ya mashine zilizosajiliwa Tanzania mwaka 2014, walikuta katika sekta ya umma mashine 5.7 za eksirei za kawaida kwa kila watu milioni moja, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza 20. Kwa CT scan, Tanzania ilikuwa nyuma ya Afrika Kusini mara 21. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotoka IMF mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, ulipeleka CT scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Ni hatua kubwa. Ila mashine hununuliwa ndani ya bajeti ya mwaka mmoja, na bingwa wa kuisoma hahitaji chini ya miaka 9: mitano ya udaktari, mmoja wa mazoezi, mitatu ya ubingwa.

Marekani shida imekaa kinyume: mabingwa wapo, picha ndizo zinazowafurika. Utafiti wa Mayo Clinic wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba bingwa wa huko, ili amalize kazi ya siku, hana budi kutazama picha moja kila sekunde 3 au 4.

Na jicho lililofundishwa nalo lina mipaka. Mwaka 2013 mabingwa 24 waliombwa kutafuta vinundu kwenye picha za mapafu. Ndani yake watafiti walikuwa wamechomeka picha ya sokwe. Mabingwa 20 hawakumwona. Hawakuwa wazembe. Jicho hufuata lilichoagizwa. Sasa fikiria fomu inayofika ikiwa imeandikwa neno moja tu, "kifua", bila muda wa kikohozi wala kazi ya mgonjwa. Mchimbaji wa Saza na karani wa forodha Tunduma wanaingia kwa karatasi ileile.

Kuhusu mionzi, hofu ipo na nyingine ina sababu. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na kibeji cha kupima mionzi kinachovaliwa kifuani ndicho kinachohesabu. Kibeji kikiachwa kabatini, au majibu yake yasipomfikia aliyekivaa, hofu hukua bila kipimo. Wapo wanaotegemea maziwa yawakinge. Maziwa ni chakula kizuri, mionzi hayazuii.

Je, posho itamaliza manung'uniko? Frederick Herzberg aliandika mwaka 1959 kwamba mshahara na mazingira mabaya huleta chuki, lakini vikitengenezwa huleta utulivu tu. Furaha ya kazi hutokana na mtu kuona matokeo ya kazi yake na kutambuliwa. Yeye aliwahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh. Angemhoji mtumishi anayedai malimbikizo ya posho za kuitwa usiku, pengine angeipandisha posho daraja. Hata hivyo kwa watu wa picha aligusa mfupa wenyewe. Kazi yao inakatika katikati. Wanauona mvunjiko, hawaoni mtu akitembea tena. Ndipo lugha ya ubaridi inapozaliwa: "Kuna kifua nje, na nyonga mbili." Ubaridi wa namna hiyo ni mojawapo ya dalili tatu ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitaja mwaka 2019 lilipoeleza uchovu wa kazi uliokithiri, nyingine ni kuishiwa nguvu na kujiona hufai tena kikazi.

Bingwa wa kila wilaya hatapatikana kesho. Daktari wa wodini, kwa upande wake, anaweza leo kuandika mistari miwili kwenye fomu, na baada ya upasuaji akapita chumba cha eksirei kusema walichokuta. Hilo halihitaji mkopo. Na wewe msomaji, ukienda kupigwa picha, beba zile za zamani, hata kama zimejikunja, na useme kazi unayofanya kabla hujaulizwa.