Taa ya Buluu na Shimo la Jino

Wapwa wangu wa Uru, sogeeni karibu. Leo nina swali tamu. Ameniuliza mtoto wa Shimbwe aliyetoka hospitali ya KCMC, pale Moshi, kuzibwa jino.

"Mjomba, daktari aliniwekea kitu laini kwenye jino. Akakimulika kwa taa ya buluu. Kikawa kigumu! Taa ile ina nini?"

Hongera, mwanangu! Wengi hufumba macho, wewe ulitazama na ukauliza. Basi tumwite Kizibo mwenyewe aseme.

"Mimi ni Kizibo," akasema. "Rangi yangu ni ya jino. Ndani yangu mna unga laini wa kioo, na mna utomvu. Katika utomvu huo chembe ndogo ndogo zinakaa, kila moja peke yake. Mna pia kitu cha manjano, jina lake kamforokwinoni. Hicho kinapenda mwanga wa buluu. Kikiupata kinaamka na kuziamsha chembe: shikaneni! Shikaneni! Zikishikana, mimi nakuwa mgumu."

"Na zikishikana, Kizibo, wewe unabaki ukubwa ule ule?"

"Hapana. Nasinyaa. Nikigawanywa sehemu 100, mbili au tatu hivi zinapungua."

"Hizo ni kidogo tu!"

Ni kidogo, mwanangu, lakini zinatosha kuleta shida. Mnaujua mfongo unaoleta maji ya mlimani migombani. Ukingo wake ukitoboka, tunauziba kwa udongo. Ukibandika bonge kubwa la udongo mara moja, na jua likawa kali, udongo unasinyaa na kuachana na ukingo. Je, maji yanapita katikati ya bonge? Hayapiti. Yanapita pembeni.

Na kwenye jino ni vivyo hivyo. Mate yanapenya pembeni. Chai ya sukari inapenya pembeni. Bakteria nao wanapenya pembeni, wanakula sukari, wanatoa asidi, na asidi inalila jino chini ya Kizibo. Juu unaona jino zuri, kumbe chini linaoza.

"Sasa daktari anafanyaje, Mjomba?"

Kwanza anakausha jino. Analipaka asidi kidogo, anaiosha, kisha anapaka gundi ya meno ili Kizibo ashike. Halafu hajazi shimo lote kwa mara moja. Kwa Kizibo wa kawaida, anaweka tabaka lisilozidi milimita 2. Tabaka jembamba, kisha taa. Tabaka jembamba, kisha taa. Mwanga unafika mpaka chini, na kila tabaka linasinyaa kidogo kidogo.

"Kwa nini asiwashe taa kwa nguvu zote tangu mwanzo?"

Swali la mtu mwenye akili! Taa ikianza na nguvu nyingi, chembe zinashikana haraka mno, na Kizibo anaivuta gundi kwa nguvu. Kwa hiyo madaktari wengine huanza na mwanga mdogo, kisha wanauongeza. Chembe zinapata nafasi ya kujipanga kabla Kizibo hajakaza.

Je, njia hiyo inazuia kuvuja? Watafiti wamepima. Wanachukua meno yaliyong'olewa, wanayaziba, wanayachovya katika maji baridi ya nyuzi 5 na ya moto ya nyuzi 55, tena na tena. Kisha wanayaloweka katika rangi, wanayakata, na kuangalia rangi imeingia hadi wapi. Katika majaribio mengine, mwanga wa pole pole ulipunguza kuvuja. Katika mengine, tofauti haikuonekana.

Lakini jambo moja halina ubishi: mwanga ukiwa haba, au taa ikiwekwa mbali na jino, Kizibo anabaki laini chini. Kwa hiyo kumbukeni: pole pole, ndiyo, kupunja mwanga, hapana. Kila tabaka lipewe sekunde zake zote.

"Na ile ngao ya rangi ya chungwa kwenye taa, ni ya nini?"

Inazuia mwanga wa buluu usiumize macho. Usiitazame taa ile moja kwa moja, mwanangu.

Na wengi wenu mtakutana na taa hiyo. Maana Kizibo wa zamani, yule wa rangi ya fedha, ana zebaki ndani yake, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi zipunguze kumtumia.

Siku yako ikifika, fungua kinywa na utulie. Ukitikisika, taa inahama. Ukifunga kinywa, mate yanaingia, na gundi haishiki. Ukirudi nyumbani, piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi. Jino likiuma, mwambie mama mapema, shimo likiwa bado dogo, maana shimo dogo linahitaji Kizibo kidogo, na Kizibo kidogo husinyaa kidogo.

Na kabla hujafungua kinywa, muulize daktari: "Utaweka matabaka mangapi?" Uliza bila woga, mwanangu. Jino ni lako.