Ada Imelipwa, Chakula Je?

Watu wengi hudhani kuwa mwanafunzi akishapata wa kumlipia ada, shida zake zimekwisha. Mzazi aliyewahi kupeleka mtoto bweni anajua kwamba ada ni mlango tu. Ukishaingia kuna godoro, sabuni, nauli, madaftari, na tumbo lisilokubali kungoja mwisho wa muhula. Kwa mwanafunzi aliye ugenini hesabu hiyo ni nzito zaidi, kwani aghalabu hana ruhusa ya kufanya kazi apendavyo. Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada atokaye nje kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Kanada iliongeza kiwango chake kutoka saa 20 hadi 24 mnamo Novemba 2024. Je, yule ambaye saa zake ni sifuri afanyeje?

Mtu huyo hayupo mbali nasi. Ukivuka mpaka wa Songwe ukaelekea kusini, kilomita 40 na ushei kabla ya kufika Lilongwe, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Zama za Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi. Kambi iliandaliwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini leo wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mtanzania akiingia soko lake hatahitaji mkalimani. Na wale askari wetu waliopelekwa Kongo mwaka 2013 chini ya Umoja wa Mataifa, bega kwa bega na wenzao wa Malawi na Afrika Kusini, wanaijua nchi ambayo wengi wa watu hawa waliikimbia.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilitangaza kwamba vifungu kadhaa itavihesabu kuwa mapendekezo tu, vikiwamo vya kazi ya mshahara, elimu, na uhuru wa mtu kwenda atakako. Tusiwe wepesi wa kulaumu: nchi yenyewe ni maskini, na watoto wake wengi nao hukosa ada.

Tuchukue mfano wa binti aliyefaulu kidato cha nne hapo kambini. Chuo kipo Lilongwe. Yeye si raia, na kwa kawaida ada ya asiye raia huwa kubwa kuliko ya mwenyeji. Tuseme amepata mfadhili. Bado anahitaji kibali cha kutoka kambini, chumba mjini, na chakula cha kila siku. Mwenzake wa Malawi anaweza kusuka nywele jioni au kuuza duka mwisho wa juma. Yeye akifanya hivyo anavunja amri. Mzigo wote unamrudia mama yake, mwuza maandazi kambini, ambaye naye msaada wake wa chakula umepunguzwa. Wakimbizi waliokuwa na maduka mijini walilazimika kuyaacha mwaka 2023, serikali ilipowaamuru warudi Dzaleka na polisi wakatumwa kuwarudisha. Ndugu wa kukopesha naye akawa hana kitu.

Kwa maoni yangu, mfadhili anayelipa ada peke yake amejenga nusu daraja. Mpango wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na kusimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, umelielewa jambo hili, ndiyo maana hutoa pia fedha za kujikimu. Wanafunzi wa Kanada, kupitia World University Service of Canada, tangu 1978 huchangishana wao kwa wao ili kuwaleta wakimbizi vyuoni, na Dzaleka imo katika mpango huo. Anayepita njia hiyo hupokewa kama mkaazi wa kudumu, kwa hiyo hahesabiwi saa za kazi kabisa. Nafasi zenyewe, hata hivyo, ni chache mno.

Wengine husoma papo hapo kambini. Mwaka 2010 Wajesuiti walileta masomo ya stashahada ya chuo cha Regis cha Marekani kwa njia ya kompyuta. Hapo hakuna nauli wala kodi ya chumba, na jioni mtu hula kwao. Lakini akishahitimu, kazi ya mshahara nje ya ua ni ileile iliyokatazwa. Akifundisha katika shirika la humo kambini, hulipwa posho.