Katiba ya chama kwenye skrini ya inchi sita

Chama chetu cha akiba na mikopo kina wanachama 140, na katiba yake ina kurasa 36. Mwaka jana mkutano mkuu uliamua kila mwanachama aipate kwenye simu, na mimi katibu nikapewa kazi hiyo. Nilifanya kama wanavyofanya wengi: nilibeba nakala yenye mhuri hadi steshenari, ikaskaniwa kwa shilingi 500 ukurasa, jumla 18,000, na kabla ya magharibi faili lilikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp.

Asubuhi alinipigia mwalimu mstaafu, mwanachama wa siku nyingi, ambaye haoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii katiba uliyotuma, simu inataja jina la faili halafu inanyamaza. Nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Simu yake inatumia TalkBack, programu ya bure inayokuja na simu nyingi za Android na kusoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Siku hiyo haikupata cha kusoma, kwa sababu nilichotuma hakikuwa maandishi. Zilikuwa picha 36 za karatasi. Wewe mwenyewe unaweza kulipima faili lolote la namna hii: gusa neno moja na ulishikilie kwa kidole. Likiwekewa rangi ili ulinakili, hayo ni maandishi. Lisipowekewa, kuna uwezekano mkubwa kwamba unatazama picha.

Nilipoanza kupiga hesabu niliona kuwa zile 18,000 zilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama. Faili lilikuwa na MB 31. Zidisha kwa watu 140, unapata zaidi ya GB 4 za bando, kila mmoja akilipia lake, na nafasi ya MB 31 kwenye simu ambayo tayari imejaa picha za harusi na video za wajukuu. Kurasa hizo hizo zikiwa maandishi, kila ukurasa ukiwa na herufi kama 2,500, ni herufi 90,000 tu. Hiyo haifiki hata KB 100.

Kisha kuna gharama ya macho. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, na skrini ya simu ya kawaida ina kama 70. Ukurasa ukienea wote kwenye skrini, herufi za ukubwa wa 12 zinabaki kama 4. Unazikuza kwa vidole viwili, mstari unatoka nje ya kioo, unausukuma kushoto ili uumalize, kisha unarudi kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Kwa mistari 35 kila ukurasa, hiyo ni safari 1,260 hadi mwisho wa katiba. Wanachama wetu wengi wamevuka miaka 50. Sishangai tena kwamba hawakuisoma.

Nikarudi steshenari kuichapa upya yote, shilingi 1,000 kwa ukurasa, jumla 36,000. Ndiyo matumizi ninayoyatetea kuliko yote, kwa sababu ukishakuwa na maandishi safi unaweza kutoa aina yoyote ya faili bila kulipa tena. Njia ya bure ipo: pakia faili lililoskaniwa kwenye Google Drive, lifungue kwa Google Docs, na programu itajaribu kutambua herufi. Kwangu ilifanya kazi nzuri kwenye aya za kawaida, lakini katika majedwali ya riba ilichanganya tarakimu 1 na herufi l, na asilimia moja ikahamia mstari usio wake. Kwa barua ya mwaliko ningeridhika. Kwa katiba inayosema nani analipa faini kiasi gani, hapana, labda mtu akae alinganishe neno kwa neno.

Maandishi yakawa kwenye Word. Je, nitume hivyo hivyo? Faili la Word ni jepesi, simu nyingi hulifungua, na kwenye kompyuta mwalimu hulisikiliza vizuri kwa NVDA, programu ya kusoma skrini ambayo nayo ni ya bure. Kasoro yake kwetu ni moja, lakini ni nzito: yeyote anaweza kubadilisha ibara na kuisambaza kama ya chama. Kwa rasimu inayosubiri maoni, Word ndiyo chaguo langu. Kwa nakala iliyopitishwa, sipendekezi.

PDF haina kosa la asili, na sipendi inavyolaumiwa kwa jumla. Adobe waliitoa mwaka 1993 ili ukurasa uonekane uleule kwenye kila mashine na kila printa, na kazi hiyo inaifanya vizuri hadi leo. Mwanachama anayetaka kuchapisha nakala ya kupeleka benki, mpe PDF. Lakini itengenezwe vizuri. Ukiwa ndani ya Word, ihifadhi kama PDF. Usipitie amri ya kuprinti, kwa sababu njia hiyo hupoteza alama zinazoiambia programu ya kusoma kuwa hiki ni kichwa, hii ni aya, hili ni jedwali. LibreOffice, ambayo hailipiwi, ina mahali pa kuchagua PDF yenye alama hizo. Na vichwa viwekwe kwa mtindo wa kichwa uliomo kwenye programu. Kukoleza maandishi na kuyaongeza ukubwa humsaidia anayeona tu. Yangu ilitoka na KB 300. Tatizo la upana wa A4, hata hivyo, linabaki palepale.

Kwa kusoma kwenye simu, ukurasa wa wavuti ndio ulioshinda, tena kwa mbali. Maandishi yanajipanga kufuata upana wa kioo, unayakuza bila kusukuma kushoto na kulia, na TalkBack inaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa mpaka ifike ibara unayoitaka. Serikali ya Uingereza nayo huwahimiza waandishi wa tovuti yake, GOV.UK, wachapishe kurasa za wavuti badala ya PDF. Sisi hatukununua tovuti. Google Docs ina sehemu ya kuchapisha hati kama ukurasa, bila malipo, nikatuma kiungo. Anayeishiwa bando hawezi kukifungua, na hilo ni pungufu la kweli kwa watu wetu wa vijijini. Ndiyo maana PDF ile nyepesi niliiacha kwenye kundi.

EPUB, aina ya faili la vitabu vya kielektroniki, niliijaribu pia. Ni nzuri sana kwa kitabu kirefu: haihitaji mtandao ikishapakuliwa, hubadilisha ukubwa wa herufi na hukumbuka ulipoishia. Lakini simu nyingi za Android za wanachama hazikuwa na programu ya kuifungua, na sikuweza kumwelekeza kila mmoja kuipakua.

Jambo moja lilikaribia kunipita. Mwalimu alipofungua faili jipya kwa mara ya kwanza, sauti ilisoma kwa matamshi ya Kiingereza. "Mrithi wake" ikawa "mrithi weik". Hati haikuwa imewekewa lugha. Kwenye Word unachagua maandishi yote na kuyatambulisha kuwa Kiswahili, kazi ya nusu dakika, na kwenye simu unahakikisha sauti ya Kiswahili imepakuliwa. Nusu dakika hiyo ndiyo iliyompa mzee wangu maneno yanayoeleweka.

Ukurasa wa sahihi na mhuri tuliuskani peke yake, ukawekwa mwisho wa PDF na maelezo yanayosema nani walisaini na lini.

Katika mkutano uliofuata, mwalimu aliinua mkono kabla ajenda ya kwanza haijafunguliwa. Alitaka kujua kwa nini ibara ya 9 inampa mwanachama siku 30 za kujitetea huku ibara ya 22 ikimtoza faini baada ya siku 14. Tangu katiba ipitishwe, hakuna mwingine aliyekuwa ameliona hilo.